Brashi Yenye Alama za Meno

Siku hizi ukipita Kasulo asubuhi, kabla malori ya Rusumo hayajaanza kunguruma, utawakuta wanaume wamekaa vibarazani na bakuli za maji ya moto, nyuso zimejaa povu hadi masikioni, kila mmoja ametundika kioo chake kwenye msumari. Ukiwauliza kunyoa kistaarabu namna hiyo wamejifunzia wapi, wote watakuelekeza dukani kwa Sabiti. Ukimwuliza Sabiti mwenyewe, ataanza kukuuliza wewe habari za mvua. Mtu mcheshi kiasi hicho, anayeweza kuzungumza na gogo, lakini hapo utamwona ananyanyuka kwenda kupanga chumvi ambayo ilishapangwa.

Sabiti alizaliwa Biharamulo, katika ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, akahamia Kasulo kufuata riziki wakati wakimbizi walipomiminika Ngara. Mwaka tisini na saba Wanyarwanda walikuwa wameshaondoka, Warundi ndio waliojaa kambi ya Lukole, na duka lake lilikuwa halikosi watu. Kilichomkosesha raha kilikuwa kidevu chake. Alinyoa kama wanaume wote wa pale: wembe mtupu umebanwa kwa vidole viwili, maji ya baridi ya kulowesha tu, halafu kukwangua kama mtu anayeparua samaki. Matokeo yake vipele, na juu ya vipele usaha. Wapakiaji wa mizigo walikuwa wakimwita Mzee Nanasi, naye alicheka nao huku moyoni anaumia.

Siku moja ya gulio aliingia dukani mkimbizi mmoja mwenye ndevu. Ndevu jamani, si mchezo, zimefunika mdomo, zimepanda mashavuni, macho tu ndiyo yaliyobaki kuchungulia. Akaweka juu ya kaunta mfuko wa ngozi, na ndani yake mlikuwa na mashine ya kunyolea ya chuma, ile inayofunguliwa kichwa na kuwekwa wembe, kibakuli cha mti chenye sabuni, na brashi nene yenye mpini wa mti. Hakutaja bei. Sabiti alimpa chumvi, sukari na kipande cha sabuni ya mche, akapokea bila kuhesabu. Kisha, kwa vile Sabiti alikuwa anaigeuzageuza ile brashi kama mtu aliyepewa redio ya kizungu, yule mwenye ndevu akamwelekeza. Alisema maji yawe ya moto na uso ulowe kwanza, sabuni ipigwe kwa brashi mpaka povu lisimame lenyewe, wembe uende unakolala unywele na usikandamizwe, uzito wa chuma peke yake unatosha. Aliyasema hayo kwa Kiswahili kizuri, taratibu, mkono wake umeishika brashi mahali pake. Ghafla akaiweka chini, akaondoka bila kuaga.

Sabiti alicheka siku nzima. Mtu mwenye kichaka usoni anafundisha wenzake kunyoa, umeona wapi? Lakini alipojaribu kesho yake, akafanya vilevile alivyoambiwa, alijipapasa kidevu akadhani amepapasa cha mtu mwingine. Kilikuwa laini. Kwa mara ya kwanza tangu aote ndevu, hakutoka damu.

Balaa likawa nyumbani. Mkewe Kuluthumu aliichukua ile brashi, akainusa, akauliza manyoya haya ni ya mnyama gani. Sabiti akasema nyegere. Kuluthumu akamwuliza kama huyo nyegere alimwambia mwenyewe. Kwa yule mama, kitu cha kizungu kilichotoka Burundi, chenye manyoya magumu meusi namna ile, kilikuwa na kila dalili ya nguruwe, na nguruwe hakanyagi nyumba inayosaliwa, hata awe amebaki mkia. Akatoa hukumu: kama ni lazima, anyolee nje, barazani, na asiingie ndani kabla ya kunawa vizuri. Sabiti alibisha, akabisha tena, mwishoni akabeba kioo chake akakitundika nje ya duka, mkabala na barabara.

Na hapo ndipo ugonjwa ulipoenea. Mtu ananyoa barabarani, povu jeupe kama maziwa ya kukamua sasa hivi, nani atapita asisimame? Walianza kwa kumtania, wakaishia kumwomba awaazime. Sabiti hakuazima, maana kwa ukimwi wa Kagera ya miaka ile, na watu tuliowazika, wembe wa mtu ulikuwa wa mtu. Fundi seremala akaanza kutengeneza brashi za manyoya ya mbuzi. Mashine za chuma zikaagizwa kwa wenye mabasi ya Kabanga. Nanasi likasahaulika, na Sabiti akawa anaketi pale kila asubuhi akitoa masomo kama mwalimu mkuu.

Asubuhi moja alikuwa katikati ya kazi, shavu moja tayari na moja bado, mwanamke mmoja mkimbizi alipofika na maharage ya kuuza. Jina lake Restuta. Sabiti alimfahamu kwa sura, kwa sababu alikuwa mnyamavu, na kwa sababu kichwa chake siku zote kilikuwa kimenyolewa upara, kama wanavyonyoa wafiwa. Wengine nywele zilikuwa zimeshaota na maisha yanaendelea. Yeye zilipochipua alizinyoa tena.

Restuta hakusalimia. Alitua maharage chini, akawa anaitazama brashi.

"Baba, hiyo nipe niishike," alisema.

Sabiti akampa, povu na yote. Yule mama akaufuta mpini kwa kanga yake, akakipeleka kidole chake moja kwa moja mahali palipokuwa na vishimo vitatu vidogo, ambavyo Sabiti siku zote alidhani ni kazi ya panya.

"Haya ni meno ya mwanangu," alisema. "Alipokuwa anaota meno alikuwa hanyamazi mpaka apewe brashi ya baba yake atafune."

Sabiti alihisi povu limekuwa baridi shavuni. Akamkalisha Restuta kwenye gunia, na habari ikatoka kidogokidogo, Kirundi kimechanganyika na Kiswahili, na kwa kuwa Sabiti alishazoea Kihangaza cha wateja wake wenyeji, lugha inayofanana na Kirundi, hakuna lililompita. Mumewe aliitwa Matiasi, karani wa ghala la kahawa upande wa Muyinga. Alilelewa na mapadre, akajifunza kwao kunyoa, na tangu Restuta amjue hajawahi kumwona na unywele mmoja kidevuni. Hata akiwa na homa alinyoa. Usiku risasi zilipoanza, Restuta alikuwa ameenda kumuuguza mama yake kilima cha pili, kama sisi tunavyosema kijiji cha pili, na Matiasi alikuwa nyumbani na binti yao Anneth, wa miaka minne. Wakakimbia njia mbili. Baadaye mtu wa kilimani kwao akamwambia wote wawili walichukuliwa na maji ya mto Ruvubu. Lakini yule mtu hakuona mwili hata mmoja. Kwa hiyo Restuta alikuwa katikati, si mjane si mke, na mwaka mzima alikuwa akinyoa kichwa kwa msiba asioweza kuufunga. Alikuwa anataka jambo moja tu duniani, alisema. Aambiwe kama wamekufa, na wamelala wapi.

"Aliyekuuzia hii ndiye aliyewaona mwisho," alisema. "Nipeleke kwake."

Sabiti akaduwaa. Miezi mizima alikuwa akijipaka usoni kitu cha marehemu, na akifurahi, na akiwafundisha watu. Alinawa uso mara tatu na bado aliona haujatakata. Akaona wazi kabisa kilichotokea: yule mwenye kichaka alimvizia karani mtoni, akampora, akamtupa majini na mtoto wake. Ndiyo maana hakutaja bei. Ndiyo maana hakuaga. Hasira zikampanda Sabiti.

Kumpata mtu huyo hakukuwa kazi. Wapakiaji walimjua, walimwita Ndevu, alikuwa anateremsha magunia malori yanaposimama na hakuwa anaongea na mtu. Sabiti akatuma aitwe kwamba kuna mzigo dukani. Akamwita na Methusela, mgambo wa kijiji, mtu mzima asiye na haraka. Restuta akakaa ndani, nyuma ya pazia la stoo, na Kuluthumu akakaa naye akimshika bega.

Ndevu alipoingia, brashi ilikuwa juu ya kaunta. Aliiona. Akasimama palepale mlangoni kama aliyekanyaga nyoka.

Sabiti alikuwa amejipanga kuuliza kwa utaratibu. Aliuliza mara moja, kwa utaratibu, vitu hivi alivipata wapi. Yule mtu akainamisha macho. Akauliza mara ya pili, na ya tatu sauti ikamtoka yote, akamwambia yeye ni muuaji, amemuua mwenye mfuko huu na mtoto wake, na sauti hiyo ikatoka dukani ikafika barabarani. Miaka ile ya ujambazi wa njiani watu walikuwa na moyo wa baruti, neno moja tu lilitosha. Kufumba na kufumbua mbele ya duka pamejaa, Wahangaza, Warundi, makondakta, na mikononi mwa baadhi yao mawe. Sabiti alipoyaona yale mawe, hasira yote ilimwisha, ikabaki hofu. Hakujua neno la kuwarudisha.

Restuta akatoka nyuma ya pazia. Watu wakampisha. Akamsogelea yule mtu, akamtazama yale macho yaliyokuwa yameinamia chini, akatazama mikono, miguu iliyopasuka, mifupa ya shingo. Alitazama kwa muda mrefu.

"Simjui," alisema.

Hilo likazidisha moto. Kama mama hamjui, mali ya mumewe ameipataje? Mtu mmoja nyuma akasema wamalizane naye haraka, jua linapanda. Na yule mtu, hicho ndicho kilichomshtua Sabiti kuliko vyote, hakujitetea. Alipiga magoti mwenyewe. Alionekana kama abiria aliyechoka kusubiri, hatimaye ameliona gari lake.

Methusela akaingia katikati na rungu lake. Alisema hapa hafi mtu ambaye hajulikani ni nani. Warundi wanajuana kwa vilima, alisema, kila mtu anajulikana ni mtoto wa nani, isipokuwa huyu kajificha ndani ya ndevu. Zitolewe, kisha waitwe watu wa Muyinga wamtazame.

"Mzee Sabiti, vifaa si unavyo?" alisema. "Mnyoe."

Kwa hiyo Sabiti akamnyoa. Wakamkalisha kwenye kigoda kilekile cha barazani, mbele ya kioo kilekile. Kuluthumu akaleta maji ya moto ya chai na mkasi wake wa cherehani. Sabiti akaanzia upande wa kulia, akakata ndevu za upande huo vipande vipande zikaanguka magotini mwa yule mtu, kisha akalowesha, akapiga povu. Alilipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, likaruka kwenye kuta. Watu wakasogea karibu. Hata waliokuwa na mawe walitaka kuona.

Brashi ilipomgusa shavuni, yule mtu alifumba macho. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia alifanye. Aliinua kidevu, akageuza shingo kidogo kushoto, akaupeleka mkono nyuma ya sikio lake, na kwa kidole kimoja akaivuta ngozi ikakaza. Ndivyo anavyofanya mtu anayejinyoa mwenyewe kila siku ya maisha yake. Mkono ulikumbuka wenyewe.

Restuta aliona kidole kile. Sabiti hakuwa amepitisha wembe hata mara moja, shavu lote lilikuwa bado povu, lakini nyuma yake alisikia pumzi ya yule mama imekatika. Aligeuka. Restuta alikuwa amekaa chini, mavumbini, miguu imemnyooka mbele.

"Endelea," alisema.

Sabiti akapitisha wembe. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chini ya lile povu likatoka shavu jembamba, jeupe kuliko paji la uso, shavu ambalo halijaona jua mwaka mzima.

"Matiasi," Restuta alisema.

Jiwe moja likaanguka kutoka mkononi mwa mtu, likabiringika mpaka mtaroni. Yeye mwenyewe alibaki na mashine hewani, akifikiri kwamba robo saa iliyopita alikuwa karibu kumuua mume mbele ya mke wake. Kuluthumu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja Mrundi akaanza kupiga vigelegele, maana kwake ilikuwa furaha, marehemu amerudi. Akaangalia nyuso za wawili wale, akaacha katikati.

Kwa sababu Matiasi hakuwa amemkimbilia mkewe. Alikuwa amekaa palepale kigodani na nusu ya uso wake.

"Nilikuona siku uliyofika Lukole," alisema, na sasa alikuwa anaongea Kirundi. "Ulikuwa umenyoa kichwa, karibu nisikujue. Kwenye foleni ya unga nilikubebea mfuko mpaka kwenye hema. Ukaniambia asante, mzee."

Restuta alikumbuka. Ilionekana usoni mwake alivyokumbuka.

"Ndiyo wiki niliyouza vitu hivi," Matiasi akasema. "Tangu mtoni nilikuwa sijanyoa, nikaona nisinyoe tena."

Watu walikuwa hawaelewi. Hata Sabiti alikuwa haelewi: mtu anampata mke wake hai, katikati ya vifo vyote vile, halafu anajificha? Akataka kumwuliza ana akili timamu kweli. Restuta akamtangulia. Alikuwa ameinuka, ameichukua ile brashi mkononi mwa Sabiti, ameishika kwa mikono miwili. Hakupaza sauti.

"Ulikimbia na mtoto," alisema. "Mto ukauvuka. Mfuko huu nao ukavuka. Anneth hakuvuka. Matiasi, mkononi ulishika nini?"

Sabiti alitamani ardhi impasukie. Alitamani asingewahi kununua kitu kile, abaki na vipele vyake hadi kufa. Matiasi aliitazama mikono yake iliyokuwa magotini juu ya ndevu zilizokatwa.

"Mkono huu mtoto, mkono huu mfuko," alisema. "Niliutoa nyumbani gizani pamoja na vyeti vyetu, vyeti vikalowa nikavitupa, mfuko sikujua hata kama ninao. Maji yalikuwa kifuani. Yalipotupiga, mkono mmoja ulifunguka na mwingine ukabaki umefumba. Mimi sikuchagua, Restuta. Nakuapia sikuchagua. Nilipofika ng'ambo nikatazama ni upi uliofunguka."

Hapakuwa na mtu aliyemtazama mwenzake. Methusela alikuwa amevua kofia. Sabiti alisikia machozi yanamfikia kidevuni, kidevu chake kile laini, akayaacha.

"Ningekuambia nini?" Matiasi akasema. "Ungeniuliza hilohilo. Nilijua ni swali la kwanza utakaloniuliza."

Restuta akapitisha kidole kwenye vile vishimo vitatu vya mpini.

"Uliniachia kitu kibaya kuliko hicho," alisema. "Uliniachia nisijue. Yuko wapi?"

"Kulipokucha nilimpata chini kidogo, kwenye matete. Nilimzika upande huu. Upande wa Tanzania, juu, maji hayafiki. Nimeweka mawe."

"Upande huu," Restuta alisema.

"Ndiyo."

"Mwaka mzima ninalia nimeelekea Burundi, na mtoto wangu yuko upande huu."

Restuta akaiweka brashi kwenye bakuli, polepole, akajifunga kanga upya kiunoni.

"Nipeleke," alisema. "Sasa hivi."

Methusela alikohoa. Mkimbizi hakuruhusiwa kuvuka kizuizi cha barabarani bila kibali, na kutoka Kasulo mpaka Ruvubu ni mwendo wa kulala njiani. Wote walitegemea aseme hivyo. Akavaa kofia yake akasema kizuizini pana mtu wake, atatangulia kuzungumza naye. Kuluthumu alikuwa ameshaingia ndani, akatoka na mkate na chupa ya maji, akampa Restuta. Wenye mawe walikuwa wametawanyika mmoja mmoja, wakijifanya wana shughuli.

Sabiti hakujua afanye nini na mikono yake, akafanya kile alichokijua. Akachukua tena mkasi na brashi, akamsogelea Matiasi upande wa kushoto uliobaki, akamwambia mama asubiri kidogo tu, amalizie, mtu hawezi kutembea barabarani namna hii. Restuta akamshika mkono.

"Usimmalizie, baba," alisema. "Upande huu ni mume wangu. Upande ule simjui. Nitakwenda nao wote wawili."

Matiasi akasimama, vipande vya ndevu vikamdondoka magotini. Wakashuka barazani wakashika barabara ya Ngara, Methusela mbele, Restuta nyuma yake, na Matiasi akifuata kwa hatua kadhaa. Sabiti aliwatazama mpaka kwenye kona ya kizuizi, pale Restuta aliposimama, bila kugeuka, akangoja yule mtu amfikie.